Mfarishi wa Tisheti za Muhsin

Kile kipande cha tisheti kilikuwa inchi kumi na tano Mwatima alipokikata asubuhi. Saa nane, katoka kuswali, akakipima tena. Kumi na saba.

Akajichekea mwenyewe. Tisheti zinavutika, ndo zilivyo. Lakini hii ilikuwa imelala tu mezani, na katika ile flati ya Lewisham, London, hamna mtu wa kugusa kitu. Mume karudi Pemba, kaoa. Binti yake, Najla, yuko chuo huko Leeds, anapiga simu Jumapili. Mtoto wa kiume, Muhsin, pumu ilimuua mwaka juzi, ana miaka kumi na tisa.

Nguo za maiti kwetu zinatolewa sadaka. Zilitoka suruali, makoti, viatu. Tisheti kumi na mbili Mwatima alizificha kwenye mfuko chini ya kitanda, hakuzifua, asije akaipoteza harufu. Siku ya arobaini jamaa walimuuliza kama kuna kilichobaki, akasema hamna. Sasa ni Disemba ya elfu mbili na tatu, anazikata azishone mfarishi, awe anajifunika.

Lila, Mhindi wa Kampala aliyewahi kushona naye mapazia kule Kingsbury, alishamuonya kwenye simu. Abandike kitambaa cha gundi mgongoni, kile cha kupiga pasi, la sivyo vipande vitakwenda kombo vyote. Mwatima hakutaka. Ukitia gundi nguo inakakamaa kama boksi, na yeye anataka laini, kama mtoto kamuegemea. Basi Lila akamwambia alegeze mguu wa cherehani, mshono uwe mrefu, pini nyingi, na asivute hata kidogo, aiache mashine ijipeleke.

Akafanya hivyo hivyo. Saa kumi unusu giza la Disemba lishatanda dirishani, cherehani inakwenda pole pole, mara ikaja harufu ya jasho na mafuta ya nywele, mbichi, kama mtu ndo kwanza kaingia kutoka mpirani. Akasimamisha mashine. Sindano ikasimama. Kitambaa kikaendelea kwenda.

Akampigia Maalim Zulfikar wa Hounslow, anayesomea watu wenye majini. Maalim alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba alichoshona si kumbukumbu ya mtoto, ni nyumba, na mwenye kutafuta nyumba keshaiona. Anakuja sasa hivi na treni.

"Kitasema na wewe," akamwambia. "Usikijibu. Ukishakijibu, mimi siwezi tena kukitoa."

Mwatima akakaa ukutani, miguu kaikunja, na pale mezani mfarishi ukaanza kujivuta wenyewe bila mkono wa mtu, pini zinachomoka moja moja zinadondoka sakafuni, kitambaa kinatanuka pale penye mabega, kinavimba pale penye kifua, kinapanda na kushuka, na ndani yake kinatoka kile kifilimbi cha pumu alichokisikiliza usiku wa miaka kumi na tisa nyuma ya ukuta, mpaka kikatulia, na sauti ya Muhsin ikasema:

"Mama. Umekula?"

Hapo akajua si yeye. Muhsin kazaliwa London. Kiswahili alikuwa anakielewa chote na anajibu Kiingereza, toka mdogo mpaka siku anakufa. Hii ilisema Kiswahili cha Wete, cha nyumbani hasa.

"Hujala toka jana, mamaangu. Nakuona."

Kengele ikalia. Mwatima akaenda kwenye simu ya mlango. Maalim yuko chini kwenye baridi, anaomba afunguliwe. Kidole kilikuwa juu ya kitufe. Toka Idi hamna aliyemtazama akamuuliza kama amekula.

"Samahani Maalim, nimekusumbua bure," akanong'ona. "Ni kitambaa tu, kinavutika."

Maalim akauliza, "Mwatima, umekijibu?"

"Bado."

Akairudisha simu mahali pake. Kengele ikalia tena, mara mbili, ikaacha. Akageuka, akajifuta macho kwa ncha ya mtandio.

"Sijala, mwanangu," akasema. "Nawe?"

"Mie sijala siku nyingi," ikajibu, na upande mmoja wa mfarishi ukainuka taratibu, kama mtu anavyompisha mwenziwe kitandani.