Mtungi Wenye Kitambaa Chekundu

Kila asubuhi kabla ya tuisheni, Ketaki alipandisha mitungi ya achari ya mama yake juu ya paa ili embe zipate jua. Na kila asubuhi mama alimkumbusha, "Kausha mikono! Tone moja la maji likiingia, mtungi mzima utaota ukungu." Pale Kanpur, India, hakuna mtoto asiyelijua hilo. Paa lilikuwa la majirani wote, na mtungi wa jirani zao kina Shefali, wenye kitambaa chekundu, ulikaa pembeni ya yao.

Siku hiyo Ketaki alipanda akiwa amevimba kwa hasira. Wazazi wa wenzake wa tuisheni walikuwa wahandisi na madaktari, naye kwa haya aliwaambia kuwa mama yake anafanya kazi benki. Jana yake Shefali, jirani yake wa mlango kwa mlango, akamuumbua.

"Jamani, mbona kunanuka mafuta ya haradali?" alisema huku ameziba pua. "Ketaki, benki gani hiyo ya mama yako inayouza achari?"

Darasa zima liliangua kicheko, na kicheko hicho kilikuwa bado kinamchoma Ketaki. "Atanikoma," alijiapiza.

Mama Shefali alijisifu mtaa mzima kwamba achari yake ni mapishi ya ukoo. Mtungi ule alimwandalia Nakul, kaka yake Shefali, aende nao bwenini. Ketaki alifungua kitambaa, akamimina glasi nzima ya maji, akakoroga na kufunga. Alishuka ngazi akiimba. Kulipiza kulikuwa kutamu, wala hakujuta hata kidogo.

Wiki iliyofuata mlango wao uligongwa kwa kishindo. Mama Shefali aliingia na mtungi, Shefali akiwa nyuma yake. Juu ya embe ukungu ulikuwa umetanda kama pamba.

"Nirmala, ndiyo achari gani hii uliyoniuzia? Mwanangu anasafiri kesho! Na ile niliyoagiza ya harusi ya mdogo wangu usihangaike nayo. Nitatafuta mtu msafi!"

Ketaki aliduwaa. Kumbe mapishi ya ukoo yalitoka jikoni kwao, na mama alikuwa akimtunzia jirani siri hiyo! Mama alichungulia mtungini.

"Sijui imekuwaje, dada," alisema. "Nisamehe."

Neno hilo lilimkata Ketaki maini. Angeweza kunyamaza. Tena sasa alikuwa na siri ya kumuumbulia Shefali mbele ya darasa. Lakini aliyekuwa anaadhibiwa ni mama.

"Mama Shefali, ni mimi," alisema. "Nilitia maji. Shefali alinicheka tuisheni kwa sababu ya achari, nikataka mkose nyote."

Mama Shefali alimgeukia binti yake. "Ulimcheka kwa achari? Hii unayolamba vidole kila siku?"

Shefali aliinamisha uso. Mama yake naye akasema kwamba ile ya harusi iendelee kama walivyopatana.

Mama yake Ketaki alitoa mtungi wao wa akiba, akampa Ketaki aupeleke kwa Nakul mwenyewe. Ketaki aliporudi, mama alimketisha, naye akamsimulia yote, hata ule uongo wa benki.

"Shefali alikukosea, sikatai," alisema mama. "Ungemjibu usoni. Ila ungemjibu nini, mwanangu, wakati wewe ndiye uliyekuwa wa kwanza kunikana? Ukasema uongo, kisha ukalipiza kisasi, na aliyeombeshwa msamaha ni mimi. Mtu akidharau kazi yetu, mwambie kweli, kichwa juu. Hapo hana tena cha kukuumbulia."

Kesho yake, wakati wa chakula, Ketaki alifungua kopo lake katikati ya darasa. Harufu ya haradali ikasambaa.

"Mama yangu anatengeneza achari," alisema kwa sauti. "Nani anataka?"

Watu walitazamana. Kisha Shefali akasogea, akanyoosha mkono.

"Umenawa?" Ketaki alimuuliza. "Basi kausha mikono kwanza."