Nani Ameiamsha Bahari?

Kila asubuhi kabla ya shule, Teretia alipiga magoti kando ya kisima cha bibi yake akachota maji kwa kifuu. Mvua ilikuwa haijanyesha miezi minne kisiwani. Bibi alimwagiza akilaze kifuu, akwangue maji ya juu tu, kidogo kidogo, mpaka ndoo zote tatu zijae. Kazi ya kuchosha, jamani!

Siku hiyo wenzake walikwisha kwenda kwenye mazoezi ya ngoma. Teretia akatazama huku na huku, akaifunga ndoo kamba, akaitosa hadi chini kabisa. Kufumba na kufumbua, kazi imekwisha. Akatimua mbio.

Mchana bibi yake, Nei Kaburoro, alionja chai akaitema. "Chumvi! Nani ameiamsha bahari?"

Teretia akajibu haraka, "Nilimwona Bauro na ndoo, Bibi."

Bauro, mtoto wa jirani, alijulikana kwa utundu, basi hakuna aliyeuliza mara mbili. Aliapa, akalia, wapi! Kisima kikafunikwa kwa makuti kipumzike, naye akaadhibiwa kuzichotea maji nyumba zote mbili kutoka kisima kilicho kwenye ncha ya kisiwa.

Siku ya tatu aliweka ndoo mbele ya Teretia, viganja vimechubuka. "Kunywa, dada. Haya hayana chumvi."

Teretia alikunywa funda moja. Aliona aibu hata akatamani ardhi immeze. "Bibi," akasema huku analia, "si Bauro. Ni mimi."

Nei Kaburoro akamshika Bauro mkono. "Nisamehe, mjukuu wangu. Nilikuhukumu kwa utundu wa jana." Akamgeukia Teretia. "Ndoo hizo, kuanzia leo, ni zako."

"Pole pole usimwage!" Bauro alimtania kila alipompita njiani.

Baada ya siku kumi, bibi aliyaondoa makuti, akachota kwa kifuu, akaonja. Maji yalikuwa matamu. Akampa Bauro kwanza, kisha Teretia.

"Maji yetu yamelala juu ya bahari, mwanangu," alisema. "Ukiyachota kwa pupa, chumvi hupanda. Na uongo ni vivyo hivyo: anautosa mmoja, wanaokunywa chumvi ni wengine."