Chumba Kilichopimwa Filamu Ikicheza

Jumamosi hiyo Masikio aliamka na furaha zake. Jina hilo la utani alipewa na wateja, na halikutokana na ukubwa wa masikio yake, ingawa nayo hayakuwa haba. Alikuwa fundi wa kufunga mitambo ya sinema majumbani mwa watu. Akiingia chumbani alipiga kofi moja tu, akakuambia pazia lipi ni jepesi na kona ipi inarudisha mwangwi. Siku hiyo kazi ilikuwa ya ndugu. Kaka yake, mkandarasi wa majengo, aligeuza chumba kizima cha ghorofani kuwa sinema, na alitaka kila kitu kiwe tayari kabla wakwe zake hawajafika kwa chakula cha mchana.

Alikwenda na binti yake. Alimwita Kifaranga, kwa sababu tangu alipoanza kutembea alimfuata baba yake nyuma nyuma, hata chooni ilibidi afungiwe mlango. Mama yake alifariki siku ya kumzaa, na tangu hapo walikuwa wawili tu. Masikio alijifunza kusuka nywele kwa ajili yake, akazisuka vibaya miaka yote, na mtoto hakuwahi kulalamika. Ungemuuliza Masikio ana nini hapa duniani, angekuonyesha mtoto huyo, basi.

Chumba chenyewe kilitamanisha. Hakikuwa na dirisha. Skrini ilijaza ukuta mzima, viti vya ngozi vililala nyuma ukibonyeza kitufe, spika zilifichwa darini na pembeni, na kuta zilifunikwa mbao za sponji zilizovikwa kitambaa cheusi ili sauti isirukeruke. Spika ya besi, kubwa kama friji, ilikaa chini ya skrini. Ukiongea mle ndani, sauti yako ilikufa papo hapo mdomoni. Shemeji yake hakukipenda chumba hicho. Alisema kinampa hisia kwamba kuna mtu amemziba masikio.

Kazi ya mwisho ilikuwa kupima. Fundi huweka maiki ndogo kwenye kila kiti, pale kitakapokuwa kichwa cha mtazamaji, kisha mashine hutoa milio na kusikiliza jinsi chumba kinavyoijibu. Ikimaliza, inakijua chumba. Mzee aliyemfundisha Masikio kazi alikuwa mtu wa mzaha, lakini sharti moja hakulifanyia mzaha hata siku moja: usipime chumba filamu ikicheza. Masikio alipomuuliza sababu, mzee alimjibu kwamba mashine haijui kipi ni chumba na kipi ni filamu, wewe ndiye unayeijulisha. Masikio akadhani ni habari za usahihi wa vipimo tu.

Bahati mbaya wakwe walifika mapema. Kaka, ambaye kujionyesha kwake ni ugonjwa usio na dawa, alikuwa ameshawakalisha na kuwawekea filamu ya mafuriko: bwawa linapasuka mlimani, maji yanashuka, mji mzima unamezwa. Ilikuwa filamu ya Masikio mwenyewe. Aliitumia kujaribia kila mtambo aliofunga, na aliijua mlio kwa mlio. Aliomba izimwe kidogo apime viti. Kaka akamwambia asiwe na makuu, apunguze sauti na apime hivyo hivyo, kwani kuna ubaya gani. Masikio aliona haya kubishana mbele za wakwe. Akapunguza sauti, akapima.

Kiti cha katikati kilikuwa cha mwisho. Kifaranga alikuwa amejikunyata humo, na kwenye skrini maji yalikuwa yanaingia mtaa wa kwanza. Mtoto aliisogelea maiki, akatabasamu.

"Baba, unanisikia?"

"Nakusikia, mama," alisema Masikio, na wageni wakacheka. Mashine ikaonyesha kwamba imeshakijua chumba.

Basi taa zikazimwa, filamu ikarudishwa mwanzo, sauti ikafunguliwa. Hata wakwe, watu wasioshangaa kirahisi, walishika mikono ya viti. Ukuta wa bwawa ulipopasuka, kishindo kilipita tumboni kabla ya masikioni. Baadaye kidogo kuna mahali mnara unaanguka na filamu inakaa kimya kabisa kwa muda. Masikio huwaambia wateja wake wausikilize ukimya huo, kwa sababu mtambo mbovu hauwezi kunyamaza.

Katika ukimya huo, nyuma kabisa upande wa kulia, mtoto alisema, "Baba, unanisikia?"

Mkwe mmoja alisifu, akasema utadhani mtoto yuko humu humu ndani. Masikio aliizima filamu. Hakuna mtoto katika sehemu hiyo ya filamu. Hajawahi kuwepo. Alimgeukia binti yake kitini. Kifaranga alikuwa amemkazia macho, mdomo unafunguka na kufumba, machozi yanamtoka. Haikutoka sauti.

Hospitali walimchunguza koo, wakampiga picha, wakasema mtoto ni mzima na huenda ameshtuka, apumzike. Masikio alirudi naye nyumbani. Huko ndiko alikogundua lililobaki, na masikio yake hayakuwa yamewahi kumdanganya. Mtoto alitembea sakafuni, hatua hazikusikika. Aliangusha kijiko kwenye sahani. Kimya. Masikio alimkumbatia akaweka sikio kifuani pake, akasikiliza. Aliona kifua kinapanda na kushuka. Hakusikia moyo.

Kesho yake asubuhi mtoto aliamka nywele zimelowa, na mto wake ulikuwa mkavu.

Masikio alimpigia simu mzee aliyemfundisha kazi. Alieleza yote kwa kunong'ona, kwa sababu mtoto alikuwa mbele yake na alikuwa bado anasikia.

"Umepima filamu ikicheza," mzee alisema. Halikuwa swali.

"Ndiyo."

"Nani alikuwa kwenye kiti?"

"Mwanangu."

Mzee alianza kulia, na Masikio hakuwahi kumsikia akilia. Kati ya kwikwi alisema neno moja tu la kusaidia. "Usiiache hiyo filamu ifike mwisho." Masikio akamuuliza dawa ni nini. Mzee akakata simu, na hakuipokea tena.

Kaka hakuamini, lakini alimpa funguo. Alimwonea huruma mdogo wake, alidhani ni uchovu wa kulea peke yake umempanda kichwani. Masikio alimkalisha Kifaranga kwenye kiti kile kile cha katikati, akafuta vipimo vyote, akapima upya, safari hii skrini ikiwa imezimwa kama inavyotakiwa. Mwili wa mtu hunywa sauti, na kiti chenye mtu hupimika tofauti na kitupu. Mashine ikasema kiti cha katikati ni kitupu. Akamhamishia kiti cha pembeni. Nacho kikawa kitupu. Akakaa mwenyewe, ikamwona mara moja.

Hakuwa na njia nyingine. Akawasha filamu, akaipeleka pale mnara unapoanguka.

"Baba." Ilitoka nyuma, mbali kuliko mwanzo. "Baba, maji yanakuja."

"Niko hapa. Nakusikia." Alikuwa anaongea na ukuta mweusi. Pembeni yake mtoto alikuwa anatetemeka, amemshika kidole.

"Yamefika magotini."

Masikio alifikiri haraka. Aliujua mji ule. Alijua kila mlango uliolia, kila kioo kilichovunjika, na alijua maji yanapotokea. Lakini hakujua mwanaye yuko nyumba gani.

"Unaona nini, mama?"

"Giza. Kuna ukuta laini."

"Panda juu," alimwambia. "Popote unapoweza kushika, shika, upande juu. Usishuke hata ukichoka."

Alisikia kucha zikikwaruza. Alisikia pumzi. Kisha besi ikaanza kunguruma, na alijua nini kinafuata, kwa hiyo akabonyeza rimoti. Filamu ikasimama. Maji yakasimama kwenye skrini, marefu, ya kahawia, yameinama juu ya paa za nyumba. Kitini Kifaranga aliacha kutetemeka. Akaegemea bega la baba yake, akasinzia.

Basi wakahamia humo. Shemeji aliwaletea chakula, akiweka sinia mlangoni na kuondoka bila kuinua macho kwenye skrini. Masikio alipiga simu kwa kila fundi aliyemjua. Wengine walicheka, wengine walimwombea. Filamu ilikuwa imesimama na mtoto alikuwa anakula, analala, anaamka, anamchorea baba yake picha. Alichora kitu kimoja tu: mstari mmoja mrefu, na yeye juu yake. Masikio alianza kuamini kwamba mtu anaweza kuishi hivyo. Ilimradi tu asiguse rimoti. Ilimradi kisitokee kitu.

Ilikuwa mchana wa jua kali umeme ulipokatika. Mtaa ule umeme hukatika kila mara, na hakuna mtu aliyeshtuka. Chumba kikawa giza totoro. Masikio aliukamata mkono wa mwanaye.

"Usiogope," alisema. "Ni umeme tu."

Besi ikaanza kunguruma.

Haikuwa na umeme. Taa yake ya kijani ilikuwa imezimika. Iliendelea kunguruma. Viti vikatetemeka. Nyuma yao mtoto akalia, karibu sana, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikutoka kwenye spika.

"Baba, nimefika juu. Hakuna pengine."

"Nakuja," alisema Masikio. Alisimama. Alijipapasa gizani, akaufikia ukuta, akaanza kupiga ngumi kitambaa. "Nakuja, mama, nakuja."

"Baba, unanisikia?"

"Nakusikia!"

"Baba, unanisikia?"

Maji yakapita. Aliyasikia yote, kutoka mbele kwenda nyuma, kila tone mahali pake, safi kuliko mtambo wowote aliowahi kufunga. Baada ya hapo palikuwa kimya.

Huko chini jenereta la kaka liliwaka. Taa zikarudi. Skrini ilionyesha majina ya waigizaji yakipanda taratibu juu ya maji yaliyotulia. Kifaranga alikuwa kitini, mkono umelegea, nguo kavu, kiti kikavu, zulia kavu. Daktari aliyempokea alirudi kuwauliza mara mbili alizama wapi. Mapafu, alisema, yamejaa maji ya tope.

Baada ya mazishi Masikio hakugusa tena chombo cha kazi. Alikaa barazani kwa kaka yake, na ukimsalimia alikuomba urudie, si kwamba hakusikia, ila alikuwa anasikiliza kingine. Shemeji ndiye aliyeshikilia kile chumba kivunjwe. Waliitwa vibarua. Viti vikashushwa, spika zikang'olewa, hatimaye wakafikia zile mbao za sponji. Ya kwanza ilipobanduliwa, kibarua aliita watu waje waone. Kitambaa kilikuwa safi, sponji ilikuwa kavu, lakini saruji ya nyuma yake ilikuwa na alama ya maji, mstari wa tope uliozunguka chumba chote, kimo cha mtu mzima. Ghorofani. Mahali ambapo hakuna hata bomba.

Kaka alisema ni unyevu. Wakaendelea kubandua. Kwenye ukuta wa nyuma, upande wa kulia, walikuta alama za viganja vidogo vya tope vikianzia chini ya mstari. Viliuvuka. Vikaendelea kupanda, kimoja juu ya kingine, hadi darini, na pale ukuta unapokutana na dari vilikuwa vingi mno, vimepandana, vimekwaruza saruji hadi ikachimbika.

Masikio alipandishwa ghorofani akaviona. Kisha akaomba kiti, akapanda, akaweka kiganja chake juu ya kile cha mwisho kabisa. Kilikuwa bado kibichi.