Linki Hazifi Zenyewe

– Yared, linki ya Ulaya imekufa tena.

Costancia alikuwa ameibana simu kati ya sikio na bega, mkono mmoja umeshika bakuli la uji, mwingine kijiko. Mama yake, Bi Debora, alifungua kinywa upande mmoja tu. Upande wa pili kiharusi kilishauchukua.

– Ulaya ipi, Mwalimu? Ya Wazungu?

– Usinichekeshe, sina nguvu za kucheka. Ulaya yetu hii, kijiji cha Kilosa. Ukurasa wa zahanati. Jana niliuunganisha, leo ukibonyeza haufunguki.

– Pole. Tuanze upya basi, taratibu. Nipo hapa.

Sauti hiyo ilitoka Mikumi, kwenye gesti yake ndogo ya kando ya barabara kuu, malori ya Iringa yakinguruma nyuma yake. Costancia, mjane, alifundisha mchana kutwa. Akirudi nyumbani Mabwerebwere, pale Kilosa, anampikia mama, anamwogesha, anamgeuza. Ndipo anafungua kompyuta. Yeye na Yared walikuwa wanajitolea kwenye klabu ya huduma kwa jamii yenye matawi dunia nzima. Kila tawi lina tovuti yake, na kazi yao ilikuwa kuziunganisha, ili mtu wa mbali anayetafuta pa kupeleka msaada abonyeze tu, aione Kilosa. Ana kwa ana walikuwa wameonana mara chache, kwenye mikutano, na hata huko waliongelea linki.

Siku iliyofuata mwenyekiti wa klabu, mzee Lupakisyo, alimfuata shuleni.

– Shikamoo, mwenyekiti.

– Marahaba, Mwalimu. Umekonda.

– Ni kuchoka tu, mzee.

– Basi naja kukuchosha zaidi. Wenzetu wa Denmark wana viti vya magurudumu kwa ajili ya zahanati ya Ulaya. Wametafuta ukurasa wiki nzima, hawauoni. Nusura wavipeleke kwingine. Ikabidi nimwombe fundi wetu wa Morogoro aangalie kuna nini.

– Linki zinakufa, mzee. Mimi na Yared tunahangaika nazo kila leo.

Mzee alivua miwani, akaifuta, akachelewa kuivaa.

– Linki hazifi zenyewe, binti yangu. Zinafutwa. Na anayezifuta anaingia kwa jina la Yared.

Jumamosi Costancia alimwacha mama na jirani yake, Tabea, akapanda gari la Mikumi. Alimkuta Yared uani anaanua mashuka ya wageni. Mwanaume wa miaka arobaini na ushee, hajawahi kuoa. Wazazi walikufa mapema, akawalea wadogo zake mpaka wa mwisho akaondoka, yeye akabaki na watu wa kulala usiku mmoja na kupita.

– Mwalimu! Karibu, mbona hukusema kama...

– Unazifuta wewe?

Shuka likamning'inia mkononi.

– Yared, nimekuuliza. Linki. Unazifuta wewe?

– Ndiyo.

Costancia alikuwa amejiandaa kwa uongo. Hiyo "ndiyo" ilimkosesha pa kushika.

– Kwa nini?

– Ile kazi tulishaimaliza zamani. Kila kitu kikafunguka, ukaniambia asante kwa ushirikiano. Kesho yake hukupiga. Wala keshokutwa. Nikafuta moja, ukapiga.

– Ukaendelea.

– Nikaendelea.

– Mimi namaliza kumgeuza mama, mgongo unaniuma, macho yanajifumba yenyewe, nafungua kompyuta. Kumbe nazoa maji unayoyamwaga wewe!

– Nisamehe.

– Kule Ulaya kuna watu wanapelekwa zahanati wamefungwa kwenye baiskeli, Yared. Viti vyao nusura vipotee kwa sababu wewe una upweke!

– Habari za viti sikuzijua. Haki ya Mungu, sikuzijua.

– Ungeniambia tu.

– Nikuambie nini? Umebeba mama, umebeba shule. Nikaona nikisema nakupenda, nakuongezea mzigo.

Lori lilipita, mashuka yaliyobaki kambani yakapepea. Costancia alipoongea tena, sauti ilikuwa imeshuka.

– Unajua kinachoniuma? Nilikuwa nafurahi zikifa. Nipo darasani nawaza, leo kitaharibika nini. Naona aibu hata kusema.

Yared akapiga hatua. Costancia akainua mkono kumzuia.

– Usinisogelee. Nenda kwa mwenyekiti, mwambie kwa mdomo wako. Waandikie watu wa Denmark. Halafu usinipigie.

Akarudi Kilosa siku hiyo hiyo, soda aliyokaribishwa hakuigusa.

Ujumbe wa kwanza wa Yared ulisema: "Nimemwambia mwenyekiti. Ameniondoa kwenye kazi ya tovuti. Ana haki."

Wa pili ulikuja baada ya siku nyingi: "Denmark wamejibu, viti vinakuja. Sitakusumbua tena."

Hakujibu. Linki zikawa nzima, kila ukurasa unafunguka. Costancia alidhani sasa atapumzika. Badala yake jioni zikawa ndefu, anakaa kando ya kitanda cha mama, amechoka na hana usingizi.

– Yule... wa simu? mama aliuliza siku moja, maneno yakimtoka kwa kuvutwa.

– Hapigi tena, mama.

– Anaumwa?

– Haumwi. Alinidanganya.

– Kuhusu?

– Aliharibu kazi makusudi, ili nimpigie.

Bi Debora alifikiri. Kisha ule upande mzima wa uso ukaanza kucheka, kicheko kisicho na sauti, mabega yakitikisika. Costancia alitaka kukasirika. Akajikuta analia, kichwa amekilaza kwenye mkono wa mama.

Alipojifuta machozi, akaandika: "Mama anakuulizia."

Jibu likaja hapo hapo: "Na mwenye mama?"

"Amechoka."

Jumapili baada ya ibada hodi ikapigwa. Yared, shati limepigwa pasi, viatu vimejaa vumbi.

– Shikamoo, mama.

– Marahaba... mwanangu.

Costancia alibaki amesimama mlangoni mwa jiko, mikono kifuani.

– Umefuata nini?

– Leo sina linki ya kuulizia. Nimekuja kusema nakupenda, Costancia.

Yared hakuwahi kumwita kwa jina, siku zote Mwalimu.

– Nisikilize, Yared. Mimi sina nguvu za kupendwa kwa kubahatisha. Mchana wangu una kazi, jioni yangu ina mama. Ukinidanganya tena, hata kwa jambo dogo, nafunga mlango na sifungui.

– Nimesikia.

– Na kama una nia, mambo haya yana njia yake. Lete mkubwa wako, azungumze na mama.

Yared akainamisha kichwa.

– Yupo nje.

– Nani?

– Baba mdogo Bonifas. Nilimwambia asubiri barabarani, maana sikujua kama utanifukuza.

– Umemwacha mzee wa watu juani? Jua hili la Kilosa?

– Ndiyo.

– Yared, jamani! Mwite aingie!

Kitandani Bi Debora alikuwa anajivuta akae vizuri, mkono mzima ukitafuta kanga ya kujifunika kichwa kwa ajili ya mgeni. Costancia akamfunika, akaingia jikoni. Miguu ilimuuma vilevile, mgongo vilevile. Akachukua sufuria kubwa, akabandika chai ya watu wanne.