Nitakuacha Tukifika Whitby

"Soma tena hapa," Jemimah alisema, akigonga skrini ya simu kwa ukucha. "Dereva, Mervyn. Dereva wa pili, hakuna. Mimi ni nani kwenye hii safari?"

"Wewe ni bibi harusi," Mervyn alijibu.

"Bibi harusi ana leseni."

Walikuwa jikoni kwa Jemimah, Lawrence Heights, Toronto, ramani ya pwani ya Uingereza imetandazwa mezani na vikombe viwili vya chai vimeibana isijikunje. Harusi ilikuwa imebakiza wiki tatu. Wakishaoana wangeruka hadi Uingereza, wakodi kampavani, lile gari lenye kitanda na jiko ndani yake, kisha waende polepole kando ya bahari siku nane. Wangeanzia Bridlington, wapite Scarborough, wafike Whitby, halafu wapande kaskazini. Kila aliyesikia hayo majina Toronto aliwacheka, maana Scarborough na Whitby zipo hapa hapa, na kutoka moja hadi nyingine hata saa nzima haiishi.

"Hii gari iko manual," Mervyn alisema. "Gia ya mkono, si kama ya huku."

"Najua ni manual. Wewe umewahi kuendesha manual?"

"Nimeona video."

"Na kule wanapita kushoto."

"Kushoto, kulia, yote ni barabara."

Hapo Jemimah akacheka, na kicheko hicho ndicho kilichoharibu mambo.

Niwaambie kidogo kuhusu hawa wawili. Mervyn alizaliwa Toronto, mtoto wa Wagoa, Wahindi wa asili ya Goa, waliohama kutoka Nairobi. Kiswahili alikisikia kwa mamake, Rosalina, akiwa mtoto, na kwa miaka mingi alikuwa akielewa tu na kujibu kwa Kiingereza. Siku alipomvisha Jemimah pete aliapa kwamba kuanzia hapo hatazungumza naye lugha nyingine. Kiapo kilikuwa kizuri kuliko Kiswahili chenyewe, lakini Jemimah alimpenda zaidi kwa hilo. Yeye Jemimah ni muuguzi, mzaliwa wa Nkubu, Meru, na tangu ana miaka kumi na tisa alikuwa akiendesha pikapu ya babake kupeleka maziwa, akipanda na kushuka vilima kwenye matope. Mambo ya kujivunia anayo mengi, ila hayasemi. La pikapu hulisema.

"Mimi nimekulia upande wa kushoto," alimwambia. "Hiyo gari niachie mimi."

"Halafu watu waseme mimi nabebwa na mke yangu?"

"Watu gani? Huko kuna kondoo tu, Mervyn."

"Mimi nasema naendesha mimi. Basi."

Akachukua koti lake akaondoka, chai yake hajaimaliza.

Kesho yake, Ijumaa, Jemimah alikuwa kwenye chumba cha mapumziko hospitalini, amefungua chakula chake cha mchana, ndipo ujumbe ulipoingia.

"Jemimah, nimefikiri sana. Sitaki tena kupigana na wewe juu ya gari. Nitakuacha tukifika Whitby. Nimeambia Mama na yeye amefurahi sana. Nakupenda. M."

Aliusoma mara ya kwanza haraka, mara ya pili polepole. Mara ya tatu hakuweza kuumaliza. Mtu amuoe Jumamosi, amuache kabla ya wiki kuisha? Na amtaarifu mapema, kwa adabu, na nakupenda mwishoni?

Alikifunika chakula, akaingia chooni, akalia kwa dakika nne. Alimpenda yule mwanaume, na ilimuuma hasa. Kisha akanawa uso, akapaka mafuta ya midomo, akampigia kaka yake, Mutuma, anayekaa Regent Park.

"Mervyn amesema ataniacha Whitby."

"Si mbaya," Mutuma alisema. "Whitby kuna treni. Utarudi tu."

"Si kunishusha, Mutuma. Kuniacha. Ile ya kuachana."

Mutuma akaacha mzaha. "Nisomee."

Akamsomea neno kwa neno.

"Na mamake amefurahi?"

"Sana. Ameandika sana."

"Hapo sasa pana kitu. Lakini mpigie umuulize."

"Mimi sibembelezi mwanaume. Kesho naenda kwao Markham, nimrudishie pete yake mbele ya huyo mama aliyefurahi. Utanipeleka?"

"Si una leseni wewe?"

"Mutuma."

"Nitakupeleka."

Jioni hiyo Mervyn alipiga simu mara kumi na moja, haikupokelewa. Akaandika, "Uko sawa?" Baadaye kidogo akaandika tena, "Umekasirika? Mimi nilidhani utafurahi."

Jemimah aliuangalia huo wa pili, akaigeuza simu kifudifudi.

Jumamosi saa tano asubuhi Mutuma aliegesha mbele ya nyumba ya kina Mervyn. Rosalina alifungua mlango mwenyewe, mikono ina unga, uso umejaa tabasamu.

"Jemimah, mtoto yangu, karibu. Mutuma, karibu. Kaa, mimi natoa sambusa sasa hivi."

"Asante, Mama. Hatutakaa sana."

Mervyn aliteremka ngazi mbili mbili. Alipoona uso wa Jemimah akasimama ngazi ya mwisho. Jemimah alivua pete, akaiweka mezani, karibu na sahani ya sambusa. Mkono ulikwenda moja kwa moja. Alikuwa ameufanyia mazoezi kwenye gari.

"Nimekuja kurudisha hii," alisema. "Kama ni kuachwa, siwezi kungoja hadi Whitby."

"Kwa nini?" Mervyn aliuliza. "Mimi nimekupa ile kitu unataka."

"Mimi nilitaka kuachwa?"

"Ndiyo. Wewe uliomba. Ulikasirika kwa sababu mimi nilikataa kukuacha."

Mutuma alikohoa. Rosalina alijifuta mikono, akamshika Jemimah begani.

"Usikasirike na yeye, mtoto yangu. Ni mimi nilimwambia. Alhamisi yeye alikuja hapa, uso mbaya. Mimi nikasema, Mervyn, acha huyu msichana. Yeye iko nguvu kuliko wewe. Kama wewe hapana taka sasa, basi ngoja Whitby, halafu acha yeye."

"Mama," Mutuma alisema, akisimama, "kwa heshima zote, hayo unayasema mbele yetu?"

"Kwa nini nisiseme? Ni kitu mzuri. Mimi nafurahi sana."

"Na dada yangu atafanya nini huko Whitby, peke yake, nchi ya watu?"

"Peke yake?" Rosalina alishangaa. "Mervyn nakaa kando yake. Nashika ramani."

Jemimah na Mutuma walitazamana.

"Ashike ramani?" Jemimah aliuliza.

"Ndiyo. Wewe nashika usukani, yeye nashika ramani. Sasa watu wawili iko na usukani moja, nani nashika nini?"

Jemimah alimgeukia Mervyn. Tangu wachumbiane hakuwahi kumwomba hivi.

"Niambie kwa Kiingereza ulichoniandikia jana."

Mervyn akasema kwa Kiingereza. Na kwa Kiingereza ilikuwa sentensi ya kawaida kabisa, kwamba wakifika Whitby atamwacha Jemimah naye aendeshe. Mutuma aliketi tena, akafunika uso kwa viganja, mabega yakaanza kucheza.

"Nitakuachia," Jemimah alisema. "Nitakuachia usukani. Kuna i hapo, Mervyn."

"I moja?"

"Moja tu. Bila hiyo umenipa talaka kabla hujanioa."

Mervyn aliyarudia maneno yote mawili chini kwa chini, kisha rangi ikamtoka usoni, maana alikuwa amekumbuka ujumbe wote ulivyokwenda, pamoja na ile nakupenda.

"Lakini mimi nasema acha miaka yote," Rosalina alilalamika. "Nairobi kila mtu alinielewa."

"Walikuelewa, Mama, kwa sababu hukuwa unaposa," Mutuma alisema, na safari hii hata Jemimah alicheka. Alicheka hadi akaketi, machozi yakamtoka, na katika hayo machozi mengine yalikuwa ya jana.

Mngedhani yameisha. Lakini pete ilikuwa bado mezani, na Jemimah hakuigusa.

"Sasa nikuulize," alisema. "Kwa nini Whitby? Kwa nini si Bridlington, siku ya kwanza?"

Mervyn alijikuna shingo.

"Baada ya Whitby iko mlima mkali."

"Kwa hiyo barabara nyepesi ni zako, na mlima ndio unaniachia mimi."

Rosalina alimtazama mwanawe. Mervyn alivuta kiti akaketi mkabala na Jemimah, na alipoanza kusema hakutafuta maneno mazuri.

"Mimi naogopa. Jumatano nilienda kwa rafiki, yeye iko na manual. Gari ilizima mara tisa. Tisa, kwa maegesho, hapana hata barabara. Sikutaka wewe ujue. Wewe umebeba maziwa kwa mlima, wewe naweka watu sindano, wewe najua Kiswahili yote. Mimi nilitaka kitu moja najua mimi."

Jemimah hakutegemea hilo. Alikuwa amekuja na maneno yake yote yamepangwa kwa ajili ya mwanaume mwenye kiburi, na aliyeketi mbele yake sasa hakuwa huyo.

"Na mimi ningekupigia simu jana," alisema. "Simu moja tu, yote haya yasingetokea. Nilikataa kwa sababu sikutaka usikie nimelia."

"Ulilia?"

"Dakika nne."

"Mimi nililia Jumatano," Mervyn alisema. "Ndani ya gari."

Kisha akachukua simu yake, akabonyeza namba, akafungua spika na kuiweka mezani ili wote wasikie. Uingereza ilikuwa inakaribia jioni, na mama mmoja wa ofisi ya kukodisha magari akapokea. Walizungumza Kiingereza, lakini mtakielewa.

"Nataka kubadilisha dereva kwenye kampavani yetu," Mervyn alisema.

"Unataka kuongeza dereva wa pili, bwana?"

"Hapana. Kubadilisha. Kuanzia siku ya kwanza, Bridlington. Andika Jemimah Kendi."

"Ana uzoefu wa gari la gia, na kupita kushoto?"

"Kuliko mtu yeyote ninayemjua."

"Vizuri. Na huyo ni nani kwako?"

Mervyn aliinua macho akamtazama Jemimah. Wiki tatu zilikuwa bado, na padri hajasema lolote.

"Mke wangu," alisema.

Hakuna aliyemsahihisha. Jemimah aliichukua pete mezani, akaivaa mwenyewe, akaisukuma hadi mwisho wa kidole.

"Hongera, bwana. Na wewe sasa, nikuweke kama dereva wa pili?"

Mervyn aliketi wima, mbele ya mamake na shemeji yake, akajibu kwa sauti ya kusikika hadi jikoni.

"Hapana, mama. Mimi niandike abiria."