Sauti Mbili za Emojong

Ndugu zangu wa Mukuju, nanyi jamaa zetu wa Busia pande zote mbili za mpaka, sikieni yaliyompata jirani yetu Emojong.

Zamani, Jumapili baada ya kanisa, Emojong na mdogo wake Okiror walikaa uani penye chungu cha malwa, ile pombe yetu ya wimbi, kila mmoja na mrija wake. Barbara, mke wa Emojong, alimenya mihogo huku akiwacheka. Emojong alikuwa diwani wetu kwa miaka mingi, Okiror mwenyekiti wa chama kijijini. Chama chao kilikuwa kimoja.

Kisha chama kikampa mtu mwingine tiketi ya kugombea udiwani. Emojong alijifungia ndani, akakataa kula. Hapo akapigiwa simu na Paddy, mtangazaji wa kituo cha televisheni kule Busia kinachokipinga chama hicho.

"Mheshimiwa, wapinzani tunao wengi, watu wamewazoea," Paddy alisema. "Wanamtaka aliyetoka ndani. Njoo uwe mchambuzi wetu."

Barbara alimuuliza mumewe, "Baba Loy, hayo mambo utasema huko, mbona hukusema ukiwa kwa baraza?"

"Sasa ndio watanisikia," akajibu.

Akasikika kweli. Tulijaa dukani kumtazama, kavaa suti, akikiponda chama alichokiimbia juzi, nasi tukapiga makofi. Semeni kweli, nani kati yetu hakucheka? Lakini siri zake zilimwishia, na Paddy alitaka mpya kila Jumanne. Basi Emojong akatangaza neno alilonong'onezwa na Okiror penye chungu baada ya kunyimwa tiketi: kwamba, kwa uchungu wa kaka yake, yeye naye hatampigia kura mgombea mpya. Akamtaja Okiror kwa jina.

Kesho yake vijana wa chama waliibomoa nyumba ya Okiror, wakimwita msaliti. Kabla ya kuvuka mpaka na watoto wake, Okiror alisimama mlangoni kwa kaka yake.

"Ndugu yangu, mimi niliambia wewe. Sikuambia televisheni. Sasa nakwenda."

Emojong alimtazama kana kwamba haoni mtu. "Asante kwa mchango wako," akasema.

Hapo ndipo mambo yalipoanza kutisha. Akipita senta, pale penye maduka na soko, mazungumzo yalikatika. Hata wauza nyanya walifumba midomo, ukasikia viatu vyake tu. Nyumbani, mchana mmoja, Barbara alisikia wanaume wawili wakibishana sebuleni, mmoja akikitetea chama, mwingine akikishambulia. Alipofungua mlango alimkuta mumewe peke yake, na suti yake, ameikabili televisheni iliyozimwa. Sauti zote mbili zilikuwa zake. Ile ya kutetea, Barbara aliniambia, ndiyo ya mwanamume aliyemwoa. Ilizidi kufifia, mwishowe ikaomba maji. Ile nyingine ikacheka.

Uchaguzi ulipokwisha, Paddy alipata mtu mwingine, aliyekihama chama majuzi na siri zake mbichi. Hakumpigia Emojong tena.

Leo ukienda kwake utamkuta sebuleni na suti ileile. Ukimsalimu, haitiki. Mkewe akimwita, "Baba Loy, njoo ule," hageuki. Kwa hiyo Barbara huketi kando ya televisheni, akanyoosha mgongo, akasema kwa sauti ya mtangazaji, "Mheshimiwa, una maoni gani kuhusu chakula hiki?"

Macho ya Emojong huwaka. "Asante kwa swali hilo," husema, kisha hubaki mdomo wazi, na Barbara humlisha.

Funzo

Kukikosoa chama chako si dhambi. Lakini anayeuona ubaya wa chama siku ile ile aliyonyimwa tiketi hajaona ubaya, ameona kiti tu. Ukiona kosa, liseme ungali na cheo, na usiuze neno la ndugu yako ili upate wasikilizaji. Na sisi tuliokuwa dukani tujue kwamba makofi yetu pia yalimla mtu.