Lenzi Iliyolala Sandukuni

Kila siku akitoka shuleni, Hanifa hubadilisha sare, husali alasiri, kisha huketi juu ya mbuzi kukuna nazi ya mchuzi. Mamake, Bi Esha, huketi upande wa pili wa kibaraza akichambua mchele, na maneno yao huwa machache. Zamani hayakuwa machache. Zamani alikuwapo Waziri, babake Hanifa, mpiga picha wa ufuoni Diani, ambaye jioni alikuwa akiwasimulia visa vya watalii mpaka chakula kikapoa. Sasa Waziri alikuwa amezikwa makaburini Msambweni, na nyumba ilikuwa imepoa.

Eda ya Bi Esha ilipokwisha, alimwita bintiye chumbani akafungua sanduku. Harufu ya mawardi iliwapokea. Nguo za marehemu zilikuwa zimekunjwa vizuri, kwa maana Bi Esha hakukubali zigawiwe kama mawifi zake walivyomshauri. Kila Ijumaa alizinyunyizia marashi, akafunga kifuniko. Chini kabisa, ndani ya kikoi cha buluu, ilikuwamo kamera na lenzi yake ndefu.

"Hiyo ni yako," alisema Bi Esha. "Babako aliniambia tukiwa hospitalini. Nilikuwa sijaweza kuitoa."

Hanifa aliipokea kwa mikono miwili. Waziri alikuwa amemwahidi kwamba masika yakipita watakwenda mahali penye giza, mbali na taa za hoteli, wapige picha ya Kilimia, zile nyota ndogo zilizojikusanya kama vifaranga, ambazo wakati wa kipupwe huonekana kabla ya alfajiri. Na sasa chama cha mazingira cha shule kilikuwa kinajiandaa kwenda Majoreni kupanda mikoko na kulala huko. Majoreni kuna giza la kutosha. Hanifa alijiambia kwamba ile ahadi angeitimiza yeye.

Tatizo lilikuwa lenzi. Ile ndefu Waziri aliitumia kupiga picha za pomboo na za mbega walio juu ya miti. Huvuta kitu cha mbali kikawa karibu. Usiku, Hanifa alipoielekeza angani, aliona nyota mbili tu, hafifu, zikitikisika kila alipopumua.

"Mpigie simu Bi Beryl wa Ukunda," Bi Esha alimshauri. "Alikuwa akifanya kazi na babako. Kama anayo inayofaa, mbadilishane."

Beryl alikuwa na duka la kupiga na kusafisha picha karibu na njia panda ya kwenda Diani. Hanifa alipomweleza kuhusu Kilimia na safari ya Majoreni, alikubali mara moja. "Lenzi ya Waziri? Hiyo nimeitamani miaka. Kuja nayo Jumamosi."

Ijumaa jioni Hanifa aliketi kibarazani na binamu yake Abdulaziz, kijana wa kidato cha pili aliyeambiwa amsindikize. Hanifa alifuta vumbi la nje ya lenzi kwa kitambaa laini, kisha akamulika ndani ya kioo kwa tochi ya simu. Ndani, pasipofikiwa na kitambaa, kulikuwa na nyuzi nyembamba nyeupe zilizotawanyika kama mizizi ya kitunguu.

"Ni utando wa buibui," alisema Abdulaziz.

"Buibui gani anaingia humu? Hii ni kuvu. Baba alinionyesha siku moja kwenye lenzi ya mwenzake. Hupenda giza na unyevu."

Hakuhitaji kuuliza unyevu ulitoka wapi. Kikoi kilikuwa bado kinanukia mawardi. Ijumaa baada ya Ijumaa mamake alikuwa akinyunyiza marashi juu ya lenzi bila kujua.

"Basi nyamaza," Abdulaziz alisema. "Bila tochi haionekani. Wewe unataka nyota, yeye anataka lenzi ndefu. Kila mtu atarudi kwao amefurahi."

Hanifa alimtazama mamake kupitia dirishani, aliyekuwa akikunja upya zile nguo. Kama angesema, mama angejua ni mkono wake ulioharibu. Alinyamaza.

Jumamosi asubuhi walimkuta Beryl akipangusa meza ya duka.

"Shikamoo, anti."

"Marahaba, mrembo. Na huyu mrefu ni bodigadi ama?"

"Mimi ni meneja wake," alisema Abdulaziz.

"Meneja hana hata kalamu," Beryl alicheka, kisha akaweka lenzi mbili mezani. Moja ilikuwa kubwa, nzito, yenye pete za kuzungusha. Nyingine ilikuwa fupi, haizidi kikombe cha kahawa. "Chagua."

Hanifa alinyoosha mkono kwenye ile kubwa.

"Kwa nini hiyo?"

"Inavuta na inapanua. Nikiwa safarini itanifaa kwa kila kitu."

"Sawa, haya tuijaribu kwenye kamera yako." Beryl aliwapeleka katika chumba cha nyuma kisichokuwa na dirisha, akazima taa, akaacha kitundu kidogo cha mwanga chini ya mlango. Kwa lenzi kubwa, picha ilitoka nyeusi, ikiwa na mstari mmoja wa kijivu. Kwa ile fupi, Hanifa aliona mlango, kiti, na hata fulana ya Abdulaziz.

"Umeona?" alisema Beryl. "Tundu lake la kupitishia mwanga ni pana. Nyota zina mwanga kidogo sana, kwa hivyo unataka mlango mkubwa wa kuupokea. Tena inachukua anga kubwa kwa mara moja, na haikuchoshi bega ukitembea. Haivuti. Ukitaka kitu kiwe kikubwa, enda kwa miguu yako."

"Basi nachukua hii fupi," alisema Hanifa.

Beryl aliipokea lenzi ya Waziri. Hanifa alingoja tochi iwashwe. Haikuwashwa.

"Hii sitaikagua," alisema Beryl kwa sauti ya chini. "Babako hakuwahi kunipa kitu kibovu." Akafungua kabati la kioo lililojaa lenzi zake, ambamo taa ndogo ilikuwa ikiwaka kukausha unyevu. "Hapa pwani adui yangu ni kuvu. Lenzi moja ikiingia nayo humu, ni kama kuku mgonjwa bandani. Nitapoteza zote, na hizi ndizo zinanilisha." Akaiweka katikati ya zile nyingine, akafunga.

Walitoka nje. Walipofika kwa muuza maji ya miwa, Hanifa alisimama.

"Sasa nini?" aliuliza Abdulaziz. "Umepata ulichotaka, mbona uso umekuwa kama umeonjeshwa shubiri?"

"Umemsikia alivyosema kuhusu baba?"

"Nimesikia. Na ukirudi, utarudi nyumbani mikono mitupu. Majoreni utapiga picha gani, za giza?"

Hanifa aligeuka, akatembea, kisha akakimbia. Aliingia dukani akitweta.

"Anti, itoe kabatini. Ina kuvu. Niliiona jana nikanyamaza."

Beryl aliitoa. Aliimulika, akaigeuza polepole, akaimulika tena. "Ilikaa wapi?"

Hanifa alimweleza kuhusu sanduku, kikoi na mawardi ya kila Ijumaa. Mwishoni machozi yalimtoka.

"Siwezi kubadilishana nawe," alisema Beryl. "Nakwambia ukweli, kama ulivyoniambia."

Hanifa alitikisa kichwa kukubali. Aliifungua ile lenzi fupi kutoka kwenye kamera, akaiweka juu ya meza. Alikuwa amefika mlangoni Beryl alipomwita.

"Mbona una haraka? Nimesema siwezi kubadilishana. Sijasema siwezi kukuazima. Mtu aliyerudi kunionyesha ubovu wa kitu chake, namwamini na changu. Enda nayo Majoreni, unirudishie ukitoka. Hii ya babako nitaifungua niisafishe. Alama huenda zikabaki, lakini nadhani itapiga picha." Alimfutia shavu kwa ncha ya kanga. "Lakini mamako umwambie mwenyewe. Hiyo siwezi kukufanyia."

Hanifa alimwambia baada ya magharibi, maneno yakitoka moja moja. Bi Esha alisikiliza mpaka mwisho. Hakulia, hakugomba. Aliingia chumbani, akajilaza akiukabili ukuta, na usiku ule Hanifa alijuta kwamba alikuwa amefungua kinywa.

Asubuhi aliamshwa na mlio wa sanduku likiburutwa sakafuni. Alipotoka uani, kanzu, mashati na vikoi vya babake vilikuwa vimeanikwa juani, kamba mbili nzima. Mashati mawili yalikuwa na madoa meusi ya ukungu mgongoni. Bi Esha alikuwa akiyasugua kwa ndimu na chumvi.

"Nishikie beseni," alisema. Hanifa akalishika.

Siku ya safari ilipofika, wanachama walipanda mikoko Majoreni mchana kutwa, matope yakiwafika magotini. Hanifa aliwapiga picha wenzake kwa karibu, kwa kuwa lenzi ile ilimlazimu asogee. Akapata meno, vicheko na vidole vyenye matope. Kabla ya adhana ya alfajiri aliamka na mwalimu wake, akaiweka kamera juu ya stendi ya miguu mitatu, akaifungulia mwanga kwa muda mrefu bila kuigusa. Picha ilipotokea kwenye kioo, anga lote lilikuwamo, toka vichwa vya mikoko mpaka juu, na Kilimia upande wa mashariki.

Aliporudi nyumbani, Bi Esha aliishika kamera akaitazama ile picha.

"Ni hizi?"

"Ndizo, mama."

"Babako angekaa hapa akatusumbua nazo mpaka usiku." Alitabasamu, mara ya kwanza kwa muda mrefu. Kisha akamvuta bintiye akaketi karibu naye. "Siku ile uliponiambia, niliumia, sitakuficha. Nilijiona nimemharibia marehemu mali yake kwa mikono yangu. Lakini ungeninyamazia kwa kunionea huruma, ningeendelea kunyunyiza na kufunika, mpaka kila alichoacha kioze sandukuni. Na Bi Beryl angepoteza riziki yake. Kwa hivyo mtu ukimpenda, mwambie kweli, hata kama itamuuma. Maumivu yatapita. Uharibifu uliofichwa haupiti, unakua."

"Nilikuwa naogopa, mama."

"Najua. Hata mimi nilikuwa naogopa kulifungua lile sanduku." Alisimama, akachukua furushi la nguo zilizokauka vizuri na kupigwa pasi. "Jifunge mtandio twende kwa imamu wa msikiti, yeye anajua nani anahitaji kanzu. Na hiyo kamera usiiweke ndani. Ivae shingoni."